Moto na Upepo: Msingi wa Kukaanga Kahawa Vizuri Nyumbani

Buni iliyokobolewa, kabla ya kupata moto, haina harufu ya kahawa hata kidogo. Rangi yake ni kijani kilichofifia, hunukia nyasi kavu, na ugumu wake hushinda meno na vinu vingi vya nyumbani. Harufu na ladha ambazo watu huzitambua kuwa za kahawa huzaliwa wakati wa kukaanga, katika muda ambao kwa vifaa vya nyumbani huwa kati ya dakika 6 na 20 tu, na jasho lote la mkulima, kuanzia kupogoa mibuni hadi kuchuma matunda mekundu, kuyamenya, kuyaosha na kuyaanika, linaweza kutunzwa au kupotea katika muda huo mfupi. Ndiyo maana ufundi wa kukaanga unastahili kusomwa kwa makini na kila anayependa kinywaji hiki, hasa katika nchi ambazo zao lenyewe hulimwa, kama vile kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Mbinga, Mbozi na Kagera nchini Tanzania, au Nyeri na Kirinyaga nchini Kenya.

Watu wengi wanaokaanga kahawa nyumbani huushughulikia moto peke yake: huuongeza wanapotaka kumaliza haraka na huupunguza wanapoona moshi. Hata hivyo, moto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hewa, kwa kuwa hewa ndiyo hubeba joto hadi kwenye punje, ndiyo huondoa mvuke, moshi na makapi, ndiyo hulisha mkaa unaowaka, na mwishowe ndiyo huzipoza punje zilizoiva. Anayejifunza kuutawala moto pamoja na upepo hupata kahawa iliyoiva sawasawa nje na ndani, ilhali anayeutegemea moto pekee hubaki akibahatisha.

Jinsi joto linavyoifikia punje

Joto huifikia punje ya kahawa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni ya mguso, ambapo chuma chenye moto hugusana na punje na kuipa joto moja kwa moja, kama inavyotokea kwenye kikaango. Njia ya pili ni ya mkondo wa hewa, ambapo hewa iliyopashwa moto hupita kati ya punje na kuzigawia joto lake pande zote. Njia ya tatu ni ya mnururisho, yaani joto linalosafiri bila kuhitaji kugusa kitu, kama lile analolihisi mtu usoni anaposimama mbele ya mkaa uliokolea.

Kila chombo cha kukaangia huchanganya njia hizi tatu kwa vipimo tofauti. Kikaango hutegemea zaidi mguso, na kwa kuwa sehemu ndogo tu ya punje hugusa chuma kwa wakati mmoja, sehemu hiyo huweza kuungua wakati upande wa juu bado ni mbichi. Mashine za pipa linalozunguka, ambazo ziliboreshwa sana kuanzia karne ya 19, hasa baada ya Jabez Burns kupata hataza ya mashine yake mjini New York mwaka 1864, huchanganya mguso wa chuma na hewa ya moto inayovutwa ndani ya pipa. Mashine za upepo wa moto, ambazo hazina pipa bali huzirusha punje zote kwa upepo mkali unaotoka chini, zilipata umaarufu kupitia Michael Sivetz, mhandisi wa kemia wa Marekani aliyepata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1976. Katika mashine hizi karibu joto lote hubebwa na hewa, na kwa hiyo punje huiva kwa usawa zaidi na kwa muda mfupi zaidi.

Mabadiliko yanayotokea ndani ya punje

Buni iliyokaushwa vizuri huwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12, kwa hiyo gramu 200 za buni hubeba takriban gramu 20 hadi 24 za maji yaliyojificha ndani ya tishu zake. Hatua ya kwanza ya kukaanga ni kuondoa sehemu kubwa ya maji hayo, na katika hatua hii punje hunyonya joto jingi bila kubadilika sana kwa macho, mpaka zinapofikia takriban nyuzi 150 za sentigredi, ambapo rangi ya kijani hugeuka kuwa manjano na harufu ya nyasi huondoka polepole ikipisha harufu inayokaribia ile ya mkate unaookwa.

Hatua ya pili ni ya kugeuka hudhurungi. Hapa sukari na asidi za amino zilizomo ndani ya punje huungana na kuunda mamia ya viambata vipya vya rangi, harufu na ladha, kwa mlolongo wa mabadiliko unaoitwa kwa jina la Louis-Camille Maillard, mwanakemia wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1912. Mabadiliko haya ndiyo huleta utamu na uzito wa kinywaji mdomoni, lakini huhitaji muda. Joto likikimbizwa mno hatua hii hupitwa kabla ya kukamilika, na likidorora punje hupoteza uchangamfu wake.

Hatua ya tatu huanza kwa mlio. Punje zinapofikia takriban nyuzi 196 hadi 205, mvuke na gesi ya kabonidayoksaidi vilivyobanwa ndani huzipasua, na mlio unaosikika hufanana na ule wa bisi, ingawa ni mdogo zaidi; tukio hili huitwa mpasuko wa kwanza. Kuanzia hapo kahawa inaweza kunywewa, na mkaangaji huamua aiache iendelee kwa muda gani. Wanaopenda uchachu wenye harufu za matunda na maua husimamisha kazi muda mfupi baada ya mlio kutulia, na wanaopenda ladha nzito na chungu huendelea hadi karibu na mpasuko wa pili, ambao husikika kwa mlio mwembamba zaidi kwenye takriban nyuzi 225, ambapo mafuta huanza kujitokeza juu ya punje. Kupita mbali zaidi ya hapo ni kuunguza, kwa sababu ladha ya asili ya kahawa humezwa na ladha ya masizi, na kahawa ya bei kubwa kutoka mlimani haitofautiani tena na kahawa hafifu.

Kanuni inayotawala hatua zote tatu ni kwamba joto la punje linatakiwa liendelee kupanda tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kasi ya kupanda ipungue kidogo kidogo. Kasi hiyo, yaani idadi ya nyuzi zinazoongezeka kwa kila dakika, ndiyo kipimo muhimu kuliko nyuzi zenyewe. Ikibaki kubwa hadi kwenye mpasuko wa kwanza, uso wa punje hutangulia na kiini hubaki nyuma, na kinywaji huonja nyasi na karanga mbichi licha ya rangi yake kuwa nzuri. Ikishuka hadi kusimama kabisa, kahawa huwa kama iliyookwa katika joto dogo: haina kosa linaloonekana kwa macho, lakini ni bapa, haina utamu wala harufu. Mpasuko wa kwanza una hatari yake ya pekee, kwa kuwa karibu na wakati huo punje zenyewe huanza kutoa joto, na moto usiopunguzwa mapema huzipeleka mbio kwenye rangi nyeusi ndani ya muda mfupi.

Uhusiano wa upepo na joto

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kuongeza upepo katika mashine ya umeme kwa kawaida hupunguza joto, na kupunguza upepo hulipandisha, hata kama koili inayowaka haijaguswa. Sababu yake ni rahisi. Koili hutoa kiasi kilekile cha joto kwa kila sekunde, kwa hiyo hewa inayopita ikiwa nyingi kila sehemu yake hupata mgawo mdogo, na ikiwa kidogo hupata mgawo mkubwa. Tuseme hewa huingia ikiwa na nyuzi 25 na kutoka ikiwa na nyuzi 235, yaani imeongezewa nyuzi 210. Upepo ukipunguzwa kwa robo, na bila kuhesabu joto linalopotea njiani, ongezeko hilo hufikia nyuzi 280, na hewa hutoka ikiwa na nyuzi 305. Badiliko dogo la feni, ambalo sikio halilitambui vizuri, linatosha kuitoa kahawa katika kuiva na kuiingiza katika kuungua.

Kanuni hii inaeleza pia kwa nini maelekezo yaleyale hayaleti matokeo yaleyale kila mahali. Nairobi iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa kwa takriban moja ya sita. Feni ikizunguka kwa kasi ileile, hewa inayopita huwa pungufu kwa uzito, hupata joto zaidi, na nguvu yake ya kuzirusha punje hupungua. Mkazi wa Nairobi au Arusha hulazimika kukaanga kiasi kidogo zaidi kwa mara moja kuliko mkazi wa Mombasa au Dar es Salaam anayetumia mashine hiyohiyo.

Umeme nao una sehemu yake. Joto la koili hufuata mraba wa volti, kwa hiyo umeme ukishuka kwa asilimia 10, kutoka volti 230 hadi 207, joto linalotolewa hupungua kwa asilimia 19, na ikiwa feni inalishwa na umeme huohuo, nayo hupunguza mwendo kwa wakati uleule. Katika mitaa ambayo umeme hudhoofika jioni, wakati kila nyumba inapika, saa ya kukaanga huwa sehemu ya ufundi, na asubuhi au mchana huleta matokeo yanayotabirika zaidi.

Mashine ya bisi ya upepo wa moto

Chombo cha bei nafuu kilichowafungulia njia wakaangaji wengi wa nyumbani, hasa Marekani, ni mashine ndogo ya kutengenezea bisi kwa upepo wa moto. Inayofaa ni ile inayopitisha hewa kwa matundu yaliyo ubavuni mwa chumba, kwa sababu hewa hiyo huzizungusha punje na kuyarusha makapi nje. Ile inayopitisha hewa katikati ya sakafu huyaacha makapi yajikusanye karibu na koili, nayo hushika moto. Mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia volti 120, na zikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Afrika Mashariki wa volti 230 hadi 240, koili hupokea karibu mara nne ya nguvu iliyokusudiwa na kuteketea papo hapo.

Mkaangaji anayeanza hana budi kutafuta kwanza kiasi cha buni ambacho upepo unaweza kukizungusha polepole bila punje yoyote kusimama. Punje zinapopoteza maji na kuvimba huwa nyepesi, hivyo upepo uliotosha mwanzoni huwa mkali kupita kiasi mwishoni, na hapo ndipo udhibiti unapohitajika: feni huanza kwa nguvu kamili ili buni nzito zisilale, kisha hupunguzwa hatua kwa hatua kadiri punje zinavyopata wepesi, na moto hupunguzwa sambamba nayo, kwa kuwa kupunguza upepo pekee kungeipandisha hewa joto kuliko inavyotakiwa.

Ugumu uliopo ni kwamba katika mashine nyingi za aina hii mota ya feni hupata umeme wake kupitia sehemu ya koili yenyewe, na anayepunguza kimoja hupunguza vyote viwili. Wanaotaka udhibiti kamili huitenganisha mikondo hiyo, mota ikapewa chanzo chake cha umeme na koili ikawekewa swichi ya kupunguza nguvu, lakini kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye ujuzi, na kidhibiti kinachokata umeme joto linapozidi hakipaswi kuondolewa kwa sababu yoyote. Asiye na fundi bado ana njia tatu za kulitawala joto: kupunguza au kuongeza kiasi cha buni, kuchagua saa yenye umeme imara, na kuiinamisha mashine kidogo ili punje zijichanganye vizuri zaidi mwanzoni.

Kikaango na jiko la mkaa

Familia nyingi za Afrika Mashariki hukaanga kahawa kwa kikaango au chungu juu ya jiko la mkaa, na njia hiyo haistahili kudharauliwa, kwa sababu ndiyo iliyozoeleka pia Ethiopia, chimbuko la mbuni wa arabika, ambako kukaanga mbele ya wageni ni sehemu ya heshima. Hapa hewa hufanya kazi katika sehemu mbili. Hewa ya chini hupita kwenye mlango wa jiko na kuulisha mkaa, na hewa ya juu huzizunguka punje na kuondoa mvuke na moshi.

Hewa ya chini hutawaliwa kwa kufungua au kuziba mlango wa jiko, lakini matokeo yake huchelewa, kwa kuwa mkaa uliokwisha kukolea hauteremki joto mara moja. Mkaangaji mzuri huziba mlango nusu mapema, punje zinapoanza kugeuka hudhurungi, wala hangoji mpasuko wa kwanza. Kwa marekebisho ya haraka, silaha yake ni mkono: kukiinua kikaango kutoka kwenye jiko kwa sekunde chache hupunguza joto upesi kuliko hila yoyote ya mlango.

Hewa ya juu hutokana na mwendo wa punje. Kukoroga bila kukoma kwa mwiko wa mti, au kukitikisa kikaango ili punje ziruke, huziwezesha pande zote za punje kupata joto na huyapa makapi nafasi ya kupeperuka badala ya kuungua chini na kutoa moshi mchungu. Kikaango kizito cha chuma hufaa kuliko chepesi, kwa sababu hutunza joto na hakina sehemu moja inayowaka kuliko nyingine. Tabaka la punje lisizidi unene wa punje mbili, na buni zisimwagwe kabla kikaango hakijapata moto wa wastani. Kikiwa chekundu, ncha za punje huungua katika dakika ya kwanza, na alama hizo nyeusi hazifutiki baadaye.

Kupoza ni sehemu ya kukaanga

Punje zilizotolewa motoni huendelea kuiva kwa joto lililomo ndani yake, na zikiachwa kwenye chombo cha moto hupita kiwango kilichokusudiwa. Kupoza kunatakiwa kukamilike ndani ya dakika 4 hivi, na chombo cha asili kinachoweza kuifanya kazi hiyo kiko katika nyumba nyingi: ungo. Kupepeta huleta hewa baridi kati ya punje na wakati huohuo huyatoa makapi yaliyosalia. Mbele ya feni ya mezani, chujio pana la chuma hufanya kazi hiyo upesi zaidi, ilhali chujio la plastiki halifai kwa sababu huyeyuka.

Kahawa iliyopozwa bado hutoa kabonidayoksaidi kwa siku kadhaa. Ikifungwa mara moja kwenye chupa isiyopitisha hewa, gesi huweza kusukuma kifuniko, na ikisagwa saa ileile ladha yake huwa bado haijatulia. Siku moja hadi tatu za kungoja, katika chombo kilichofunikwa bila kukazwa na kuwekwa mbali na jua, huleta kinywaji bora zaidi.

Kuzijua buni na kuweka kumbukumbu

Buni hazilingani katika kuupokea moto. Arabika ya nyanda za juu, iliyokua polepole katika baridi, huwa ngumu na yenye tishu zilizoshikana, na huweza kustahimili moto mkali kiasi mwanzoni. Kahawa iliyoanikwa pamoja na tunda lake, kama ilivyo kwa sehemu kubwa ya robusta ya Kagera, kwa kawaida huwa na makapi mengi zaidi na huungua upesi, kwa hiyo huhitaji moto mdogo na hewa ya kutosha. Buni za ukubwa mmoja, kama zile zilizochambuliwa katika madaraja ya AA, AB au PB, ambayo ni ya punje za mviringo, huiva pamoja; zilizochanganywa huacha ndogo zikiungua wakati kubwa bado zina ubichi.

Maendeleo ya kweli hutegemea daftari. Kila mara mkaangaji anapaswa kuandika uzito wa buni, muda wa kugeuka manjano, muda wa mpasuko wa kwanza, muda wa kutoa, hali ya feni au mlango wa jiko, na uzito wa mwisho. Uzito huo hueleza mengi bila kifaa cha gharama: gramu 200 zikibaki 170, kahawa imepoteza asilimia 15, ambacho ni kiwango cha wastani, upungufu wa asilimia 12 au 13 huashiria kahawa nyepesi, na wa asilimia 18 na zaidi huashiria kahawa nyeusi. Mwenye kipimajoto cha waya aitie ncha yake katikati ya punje, na akumbuke kwamba katika mashine ya upepo kifaa hicho huonyesha mchanganyiko wa joto la hewa na la punje. Kanuni kubwa ni kubadilisha jambo moja tu kila mara, kwa kuwa anayebadilisha moto, upepo na kiasi cha buni kwa pamoja hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia.

Usalama hauna mbadala. Mkaa hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua, na makapi makavu hushika moto kwa urahisi. Kazi hii ifanyike uani au kwenye baraza lenye hewa, mkaangaji asiondoke hata kwa dakika moja, na mashine ya umeme ikishika moto ichomolewe kwanza, wala isimwagiwe maji.

Nchi za Afrika Mashariki huuza nje sehemu kubwa ya kahawa yao ikiwa bado buni, na wengi wa wanaoilima hawajawahi kuonja ubora wake kamili. Kurekebisha hali hiyo nyumbani hakuhitaji mashine ya gharama: kinachohitajika ni buni safi, kikaango kizito au mashine ndogo, ungo, daftari, na subira ya kuusikiliza moto pamoja na upepo wake. Kila kaya inayoweza kupata buni ianze na gramu 100, iandike kilichotokea, ibadilishe jambo moja, na ikaange tena.